Kifungo cha Tatu

Duka limeuzwa. Mnunuzi anataka funguo Ijumaa
baada ya sala, naye ni mtu wa saa.
Kwa hiyo nimekaa sakafuni Studio Zuhura,
uchochoro wa pili nyuma ya soko la zamani, Malindi,
nikiinua filamu moja moja dirishani
kama mtu anayekagua mayai.
Humu vijana wana mvi
na meno yao ni makaa.

Babu Shekuwe alikuwa na koti moja.
La kijivu, la mnada, mabega mapana,
msumarini, kando ya poda na kitana.
Aliyekuja bila koti alivaa lile,
na miaka ile nani alikuja na koti?

Basi nawaona wote ndani yake:
Karisa wa Ganda, amemezwa hadi vidoleni;
Charo Mwambire, mikono imemkomea kwenye viwiko;
karani wa mahakama; mchoma mahamri;
bwana harusi wa Mambrui, jasho limemvaa kabla ya koti;
na wale watatu wa mashamba ya chumvi Gongoni
waliolivaa kwa zamu, huyu akivua, yule akiingiza mkono,
likiwa bado na joto la mwenzake.

Utasema ni uongo.
Nguo ya kuazima haisitiri matako.
Kweli, lakini picha ilikatwa kiunoni.

Na kucha hazikuazimwa.
Tazama za wale wa chumvi, zilivyolika.
Karisa amebana midomo kuficha pengo.
Mamake, asiyejua alifu wala be,
alipelekewa picha ile Ganda, akaishika mbali, akaishika karibu,
akasema, "Huyu hali."
Wiki iliyofuata basi likashusha unga.

Kifungo sikukiona mara moja.
Filamu za kwanza, koti lina vitatu, pacha.
Kisha cha tatu kinapotea,
na msimu mzima wanaume wa Malindi
wameweka mkono tumboni, kwa heshima,
kama mji mzima umeumwa na msokoto.
("Hapo, hapo, usiutoe," namsikia babu.)
Halafu kinarudi, lakini si kile.
Kikubwa kidogo. Kina ua lililochongwa.
Cha kike, bila ubishi.
Na hakiondoki tena
mpaka picha za rangi zinaingia na nondo wanalila koti.

Hakuna picha ya bibi yangu.
Bi Mwanakheri alisema uso wake si wa kubandikwa ukutani.
Nyuma ya pazia, gizani, ndiye aliyeosha kazi ya mchana;
nyuso za watu zilimtokea yeye kwanza,
zikipanda kutoka majini mwa beseni, jicho, kisha jicho.
Aliwaona wote. Alifariki kabla sijazaliwa.
Nikiuliza alifananaje, naambiwa,
"Kama wewe, ila mrefu,"
kisha wanaulizana chumvi iko wapi.

Jana, nyuma ya chupa za dawa, nimepata kopo la biskuti.
Sindano, shanga, kipande cha chaki,
na kadi ya vifungo vya ua, vya gauni,
sita kwa hesabu ya matundu.
Vitano vipo.

Nimerudi dirishani, naanza upya.
Sasa sitazami nyuso.
Karani. Mchoma mahamri. Bwana harusi na jasho lake.
Wanaume mia mbili na ushei
wamesimama wima, wameshusha pumzi,
na hakuna hata mmoja aliyejua kambeba nani.

Mnunuzi amepita, saa zake hazijafika,
kuuliza kama kuna cha thamani.
Nimemwambia achukue kaunta, taa,
na kile kiti cha kuzunguka.
Filamu nimezitia kwenye gunia la unga.
"Hizi ni jamaa zangu," nikasema.

Akachomoa moja, akaiinua dirishani
kichwa chini miguu juu.
"Wote hawa?"

Wote.